Tulikwenda Kanazawa Kutembea Tu

Oginoura, 20 Oktoba 1965

Mwanangu Sumie,

Umekula? Najua mpaka barua hii ikufikie utakuwa umekula mara nyingi, lakini nijibu hivyo hivyo. Na lile blanketi nililokutumia usimpe mwenzako wa chumbani, hata akitetemeka mbele yako. Nitamfumia la kwake.

Picha ya huyo Teruo Nakagoshi imefika. Nimeiegemeza kwenye picha ya marehemu baba yako kutwa nzima ili naye amtazame. Hakusema kitu. Hata angekuwa hai asingesema kitu, kwa hiyo kazi yote imebaki kwangu. Kijana ana masikio makubwa. Sijasema ni mabaya, nimesema ni makubwa. Suruali yake ina mkunjo uliosimama, nani anampigia pasi? Kama ni wewe, bado mapema.

Sasa hili ulilonikataza. Mimi shule niliishia darasa la nne, mambo mapya ya huko Nagoya siyajui. Ninachojua ni kwamba bibi yako, kabla hajanitoa kwa baba yako, alikwenda mwenyewe mpaka kijijini kwao. Akauliza kwa muuza samaki, akauliza kwa muuza chumvi: watu hawa wanakunywa? Wanapigana? Mama wa nyumba ile ana ulimi gani? Na bibi yako wa upande wa pili naye akaja huku kuniulizia mimi. Ndivyo tulivyoolewa sote, na hakuna aliyesema ametukanwa. Wewe ni mmoja tu, sina mwingine wa kujaribia. Nikutoe vipi kwa watu ninaowajua kwa picha ya masikio?

Lakini umeandika kwamba nikiulizauliza, wenyewe watajua, Teruo ataaibika mbele ya wazazi wake, na wewe hutakuwa na uso wa kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Basi nimesikia. Siulizi. Nimeahidi.

Kuna jambo jingine, dogo. Rafiki yangu Kinu amenishika tangu mavuno, anataka twende Kanazawa Jumapili ya tarehe saba. Kutembea tu. Tuione ile bustani kubwa, na jinsi wanavyoifunga misonobari kwa kamba kabla ya theluji. Umri wote huu naisikia tu. Hata mke wa muuza mkaa ameshaiona.

Kunywa vitu vya moto.

Mama yako


Nagoya, 26 Oktoba 1965

Mama,

Nimekula.

Kanazawa? Mama, katika miji yote ya Japani? Unajua vizuri kwamba duka la miavuli la kina Teruo liko Kanazawa, nilikuandikia mwenyewe.

Sisemi usitembee. Miaka yote umeinama kwenye figili na matope, nenda ukafurahi. Tazama bustani, kula kitu kitamu, piga picha. Lakini nakujua. Nakumbuka ulivyokwenda "kununua sindano tu" ukarudi na habari zote za mwalimu wangu mpya mpaka jina la mbwa wake.

Teruo ataomba ridhaa ya wazazi wake mwisho wa mwaka. Mpaka sasa mama yake hajasema ndiyo wala hapana. Teruo anasema ni mwanamke wa adabu sana, hasahau mtu akimkosea. Tafadhali Mama. Usipite hata mtaa ule.

Sumie


Oginoura, 8 Novemba 1965

Mwanangu,

Tumekwenda na tumerudi salama. Nakuandikia mapema ili usikae na wasiwasi.

Bustani ni nzuri kuliko wanavyoisema. Wanaume wamepanda juu ya mlingoti katikati ya msonobari, wanazishusha kamba kwa wenzao walio chini, kila tawi linapata kamba yake, mwisho mti mzima unakaa kama mwavuli. Yaani kama hema, nilitaka kusema. Kinu akawapigia kelele, "Nyie vijana, mkimaliza huo njooni mnifunge na mimi, mabega yameanguka!" Mmoja akajibu toka juu, "Kamba zimekwisha, mama, wewe utahitaji za meli!" Kinu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi niliona aibu, kulikuwa na watu waliovaa vizuri.

Tulipiga picha kwenye ile taa ya mawe yenye miguu miwili. Mpigapicha alisema tusipepese macho. Nilijizuia mpaka machozi yakatoka, kwa hiyo kwenye picha nitaonekana nalia. Silii, ni mpigapicha.

Sokoni kaa wa baharini wameanza kuuzwa. Kinu alipatana bei na muuzaji, akaondoka mara tatu, akaitwa mara tatu, na mwisho hakununua. Anasema alitaka kuona kama bado anaweza.

Tulikula matonge yetu ya wali kwenye benchi, na achari yangu ya figili, na watu wa benchi la pili wakahama.

Mchana tulitembea tembea. Kisha ikanyesha. Kisha tukapanda treni.

Ndiyo hayo tu.

Nauliza tu: karatasi ya kufunikia mwavuli wa zamani ikiharibika, hubandikwa nyingine juu yake, au inabidi waanze upya na mianzi? Ni kazi ya muda mrefu? Kama Teruo aliwahi kusema. Usimuulize.

Huku nyumbani kuna jambo limenikosesha raha. Unazijua kaki zangu, yale matunda ya vuli, nilizimenya zote na kuzifunga nyuzi, zilikuwa zinakauka vizuri upenuni, wiki moja zaidi ningekutumia. Nimerudi, upenu ni mtupu. Mtu ameanua zote, akazijaza kwenye pipa la kufulia, akafunika na kifuniko! Za juu zimezikandamiza za chini, nimekuta uji. Mwizi gani anaingia nyumba ya watu ili aingize vitu ndani? Babu Tasuke wa jirani anasema alikuja mama mmoja wa mjini na mwenzake, wana adabu, wakakaa kwake muda mrefu wanauliza habari za kijiji. Yeye alidhani ni watu wa bima. Mvua ilipoanza akasikia wanakimbia.

Sijalala vizuri. Si kwa ajili ya kaki.

Mama yako


Oginoura, 9 Novemba 1965

Sumie mtoto wangu,

Mimi ni Kinu. Mama yako amesema amekuandikia yote. Nikamwambia hebu nisomee. Akanisomea. Mwanangu, ile si barua, ile ni kadi ya salamu. "Mchana tulitembea tembea"! Nakuandikia kwa sababu tangu juzi hali chakula, na anakuogopa wewe kuliko anavyoogopa tetemeko. Ukimaliza kusoma usimgombeze. Ukishindwa, nigombeze mimi, nina mgongo mpana.

Tulikwenda pale. Unajua, na mimi najua kwamba unajua.

Kwanza alisema tupite tu barabarani. Tukapita. Akasema tumepita haraka sana, hatukuona kitu, turudi. Tukapita tena. Mara ya tatu muuza tofu wa ng'ambo ya barabara akatoka nje, mama mfupi, mikono kiunoni, akatuambia, "Mmepotea au mnanunua?" Mama yako akanunua tofu, kipande laini cha maharage ya soya. Hatukuwa na chombo cha kuitia, ikabidi niishike mkononi muda wote.

"Eti dada," mama yako akaanza, "pale kwenye miavuli, ni watu wa namna gani?"

"Una binti au una kijana?"

"Sina mtoto. Mimi natembea tu."

"Mtu anayetembea tu anaulizia miavuli, si watu. Haya uliza, una tofu yangu, una haki."

Mama yako akauliza. Yule mama akajibu kwamba mzee hanywi ila Mwaka Mpya, kwamba kijana aliye Nagoya ni mpole kupita kiasi, na mama wa nyumba ni mgumu lakini hamsemi mtu nyuma. "Ila leo hayupo," akasema. "Ameondoka na treni ya alfajiri na rafiki yake, eti Noto, kutazama bahari. Bahari ya Novemba! Nani anaitazama?"

Mama yako akaninong'oneza, "Watu wa mjini hawana kazi." Basi kwa kuwa mwenyewe hayupo, akapata ujasiri, akaingia dukani.

Mzee Nakagoshi alitupokea vizuri. Mtu mtulivu, vidole vimekuwa vya rangi ya mafuta. Akatuuliza majina. Mama yako akasema, "Yamada, kutoka Toyama." Mzee akanigeukia mimi. Na mimi nikasema Yamada. "Nyote wawili?" "Ukoo wetu ni mkubwa, baba," nikamwambia. Akaenda ndani kututilia chai.

Sasa, nyuma ya duka kuna ua, na uani ilikuwa imeanikwa miavuli iliyotoka kupakwa mafuta, imefunguliwa yote, myekundu na ya zambarau, imejaa kama uyoga. Ghafla mvua. Mama yako akaruka. "Kinu! Vitu vya watu vinalowa!" Akatoka bila viatu, na mimi, akili yangu sijui niliiweka wapi, nikatupa tofu nikamfuata. Tukaanua. Tunakunja, tunabeba, tunakunja, tunabeba, kama watu wanaokimbizana na nguo kwenye kamba. Mzee alipotokea na sinia ya chai ua ulikuwa mtupu, na mama yako amesimama mlangoni amekumbatia mzigo wa mwisho kifuani, maji yanamchuruzika puani.

Mzee akatazama ua. Akamtazama yeye. Akasema polepole:

"Mama. Hiyo ni miavuli."

"Ndiyo baba, tumeiwahi!"

"Hapana, yaani... ni miavuli."

Nakuapia Sumie, ilichukua muda. Nilimwona mama yako jambo linamwingia kuanzia miguuni. Kisha mzee akachukua mmoja ajaribu kuufungua, ukasema kraaa. Mafuta yalikuwa mabichi, na sisi tulikuwa tumeikunja. Karatasi ilikuwa imegandana. Akachukua wa pili. Kraaa.

Mama yako akapiga magoti, paji la uso mpaka sakafuni, hakuinuka. Mzee anamwambia inuka mama, inuka, si kitu. Nilimwinua mimi. Mzee alituazima mwavuli mzima wa kurudia stesheni, na mama yako akakataa kuufungua njia nzima, anasema hastahili. Tukalowa tumeubeba.

Ndani ya treni alisema jambo moja tu, akalirudia mpaka tukafika: "Nimemharibia mwanangu nyumba."

Mzee hajui sisi ni nani. Nadhani hajui. Alimtazama sana mama yako usoni wakati wa kuagana, lakini labda ni matope.

Mimi, nikikumbuka "hiyo ni miavuli", nacheka hata nikiwa chooni. Nisamehe.

Kinu wako


Nagoya, 12 Novemba 1965

Mama,

Ulijuaje kuahidi kama hujui kutimiza?

Nimepata barua yako na ya mama Kinu siku moja. Nililia kwa hasira, mwenzangu wa chumbani akadhani kuna msiba. Teruo bado sijamwambia. Kwa watu wale mwavuli mmoja hupita mikononi mwao karibu majira mazima, na wewe umekunja ua mzima! Na ukajiita Yamada! Picha yangu iko juu ya kabati la mzee yule, Mama, na kidevu changu nimekichukua kwako.

Niliacha hapo jana usiku. Asubuhi hii nimezisoma tena zote mbili, moja kando ya nyingine. Nina swali moja na utanijibu haraka: huyo mama wa mjini aliyeanua kaki zako, Babu Tasuke aliona koti lake lina rangi gani? Kama ni la rangi ya zabibu, lenye vifungo vikubwa, nijulishe. Koti hilo Teruo alimnunulia mama yake mwezi uliopita. Nilimchagulia mimi.

Mpaka nikuandikie tena, usifanye chochote. Usiende popote. Usiwaandikie.

Sumie


Kanazawa, 12 Novemba 1965

Mama Sumie,

Hatujaonana. Ningependa tungejuana kwa njia iliyozoeleka, mshenga ameketi kati yetu, mimi nimevaa kimono changu kizuri na wewe hujui ubaya wangu. Imekuwa vingine. Mimi ndiye niliyeharibu kaki zako.

Teruo alinisihi nisiende kuuliza habari za nyumba yenu. Alisema nyakati hizo zimepita, na kwamba binti akijua atavunjika moyo. Nikamkubalia. Kisha nikamwambia rafiki yangu twende Noto, upande wenu, tukaione bahari. Hatukuiona. Tulishuka stesheni, tukauliza nyumba yenu, tukaikuta imefungwa, tukaketi kwa mzee jirani.

Nilimuuliza, huyu Bibi Hamaguchi ni mtu wa namna gani? Akajibu, "Anasumbua." Nikauliza, anasumbua vipi? Akasema, "Mke wangu alipokuwa mgonjwa aliniletea chakula asubuhi na jioni, majira yote ya baridi. Figili. Kila siku figili. Nikimwambia basi, anasema kula. Mke wangu amefariki, yeye bado analeta. Leo asubuhi kabla ya kwenda treni ameleta. Mwambieni aache." Na alipokuwa akisema hayo, bibi, alikuwa ameshika bakuli lako mikononi na hakuliweka chini.

Nilikuwa nimetayarisha maswali mengine. Sikuyauliza.

Ndipo mvua ikaja ya upepo, nikaziona kaki zako zinalowa. Mimi ni mtoto wa mjini, kaki iliyokauka naijua ikiwa ndani ya sanduku. Sikufikiri. Nimeshindwa kulala kwa kuona aibu, maana mume wangu ameniambia kaki ambazo hazijakauka zikilundikwa ndani ya pipa ni kama kuzikanyaga.

Yeye tangu siku ile hafanyi kazi. Akishika mwanzi anacheka, anauweka chini. Nilidhani ananicheka mimi. Jana ndipo aliponieleza kwamba Jumapili hiyo hiyo alikuja "Bibi Yamada wa Toyama", mwenye kidevu cha picha iliyo juu ya kabati letu. Alitaka kukuita kwa jina lako pale mlangoni, akaona una hofu sana, akaacha. Amenikataza nisikutajie miavuli. Anasema miaka arobaini ameuza miavuli, na hajawahi kuona mtu akiihurumia isilowe.

Mama Sumie, mimi nimekuulizia na wewe umeniulizia. Sijui wewe ulisikia nini juu yangu. Muuza tofu wetu husema kweli, kwa hiyo naogopa. Mimi upande wangu nimesharidhika. Nakuomba binti yako. Kama baada ya kaki bado unaweza kutupa, utatujulisha.

Fumi Nakagoshi


Oginoura, 19 Novemba 1965

Mwanangu Sumie,

Koti ni la rangi ya zabibu.

Barua yako ya kunikataza kuwaandikia ilifika siku moja baada ya mimi kuwaandikia. Nilikaa na kamusi ya Kinu usiku kucha, niliandika "samahani" nyingi sana, karatasi ikawa haina mahali pengine. Na wakati barua yangu inapanda treni kwenda kwao, ya Mama Teruo ilikuwa inashuka kuja kwangu. Zimepishana njiani kama sisi wenyewe. Nakuwekea yake humu ndani uisome, uirudishe, usiikunje.

Nilimsomea Kinu jikoni. Nilipofika kwenye "mimi ndiye niliyeharibu kaki zako" tulitazamana. Sumie, sijacheka hivyo tangu baba yako alipoanguka na mkokoteni. Tulicheka mpaka Babu Tasuke akaja kuuliza kuna moto wapi. Nikamuuliza, "Wewe babu, ulimwambia mgeni nakusumbua?" Akasema, "Nilimwambia. Leo umechelewa."

Sasa unisikilize. Tulimkaribisha Mama Teruo juzi Jumatano, akaja na mumewe, koti hilo hilo. Tulianza na adabu zote, kuinama, kusifiana, mimi nimejifunza maneno mawili matatu ya mjini tangu alfajiri. Haikufika mbali. Aliuona uzi mmoja wa kaki uliosalia, akauliza, "Huu ninaweza kuugusa?" nami nikamjibu, "Uguse, lakini usiuhurumie." Basi. Tuliongea mpaka chai ikapoa. Anasema ukweli wake moja kwa moja usoni, kama muuza tofu alivyosema, na mimi nikiwa na hofu maneno yananitoka mengi, kwa hiyo tutafaana, mmoja atanyamaza mwenzake apumue. Mzee ameniomba nisirudie kumwanulia kitu. Nimeahidi, na hii nitaitimiza.

Alhamisi ijayo nakwenda Kanazawa tena. Mimi, Kinu na Mama Teruo. Bustani ile kwa kweli sikuiona, macho yalikuwa kwenye miti, moyo uko mtaa wa miavuli. Safari hii nataka kuitazama nikiwa sijaficha kitu.

Kwako wewe ninalo neno moja, nimeliacha mwisho kwa sababu kila nikilianza machozi yanalowesha wino. Nimekubali. Mwambie Teruo mama yako amekubali kwa moyo wote, na kwamba hakumwuliza mtu yeyote mwingine zaidi ya muuza tofu.

Sasa baridi ya Nagoya inakuja. Chukua uzi, mpime mkono kuanzia begani mpaka kifundo, na kifua pia, unitumie uzi huo ndani ya bahasha. Mpime mchana, watu wakiwepo. Na umuulize kama koo humsumbua, maana hakuna aliyeniambia, na sasa ni haki yangu kujua.

Mama yenu